Kwa Nini Mwenyezi Mungu Kamwacha Ibilisi?



Kuna swali ambalo huulizwa mabarazani baada ya sala ya isha, na mara nyingi zaidi huulizwa chini kwa chini na vijana waliokwisha kuhitimu chuoni, waogopao kulitamka mbele ya mwalimu wasije wakaambiwa wamekufuru. Nalo ni hili: ikiwa Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila kitu, na Ibilisi ni adui wa dini yake na adui yetu sisi, mbona hakumwangamiza siku ile ile alipokataa kumsujudia Adamu? Na kwa kuwa alijua tangu azali yatakayotokana naye, alimuumbia nini?

Hapana haja ya kumkemea mwenye kuuliza. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamshitakia kwamba hupata katika nafsi zao mambo ambayo ni mazito kwao kuyatamka. Mtume hakuwakaripia, bali aliwajulisha kuwa kule kuyaona mazito ndiyo imani iliyo wazi. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim. Mwalimu amfukuzaye kijana kwa swali kama hili humfunga mdomo tu. Swali lenyewe hubaki moyoni, nalo hukua gizani bila ya mtu wa kulipogoa.

Yafaa kwanza tujue swali hili lina umri gani. Shahrastani, mwanachuoni aliyekufa mwaka 548 wa Hijra (1153), ametaja mwanzoni mwa kitabu chake Al-Milal wan-Nihal kwamba shubha ya kwanza iliyopata kutokea baina ya viumbe ni shubha ya Ibilisi. Kisha akaleta mabishano baina ya Ibilisi na malaika, akisema kuwa yamo katika sherehe za Injili na katika Taurati. Katika mabishano hayo Ibilisi atoa maswali saba. La kwanza ni kuwa Mungu alijua kabla ya kumuumba yatakayotoka kwake, basi ni hikima gani kumuumba? La saba ni kuwa alipoomba muhula alipewa, ilhali lau angaliangamizwa papo hapo viumbe wangalistarehe na shari yake. Mabishano hayo si Aya wala si Hadithi, wala hatuyashiki kuwa ni hoja katika dini. Tumeyataja ili msomaji ajue kwamba maneno haya yadhaniwayo barazani kuwa ni fikira mpya, wanavyuoni waliyasoma karne nyingi zilizopita, nao waliyakuta yamewekwa kinywani mwa Ibilisi mwenyewe. Jambo hili tutalirudia, kwani ndilo shina la jawabu.

Sasa tutazame Qurani. Kisa cha Ibilisi na Adamu kimetajwa katika sura saba: Al-Baqara, Al-Aaraf, Al-Hijr, Bani Israili, Al-Kahf, Taha na Saad. Atakayezikusanya Aya hizo akazisoma pamoja, ataona mambo mawili ambayo watu wengi huyapita upesi.

Jambo la kwanza ni kuwa Ibilisi hakukosa kumjua Mungu. Amwita Mola wake, na katika Sura ya Saad aapa kwa utukufu wake kwamba atawapoteza wanadamu wote illa waja waliosafishwa nia. Aliijua Akhera, maana aliomba muhula mpaka siku ya kufufuliwa. Basi kuangamia kwake hakukutokana na upungufu wa elimu. Kulitokana na kujiona bora, yeye wa moto na mwenziwe wa udongo. (Na hili wanapaswa kulifikiri sana wale wadhanio kuwa kilemba kikubwa na kanzu nyeupe ni hirizi ya kumzuia shetani asiwasogelee.)

Jambo la pili ni huo muhula. Ibilisi aliuomba, hakuunyakua. Mwenye kuomba hamiliki, na aliyepewa muda hawi mshindani wa aliyempa. Tena hata alichoomba hakukipata chote kama alivyotaka. Yeye aliomba aachwe mpaka siku watu watakapofufuliwa. Akajibiwa kuwa ataachwa mpaka siku ya wakati maalumu, na wafasiri wengi wamesema kuwa ni siku ya mpulizo wa kwanza wa parapanda, ili naye aonje mauti kama waonjavyo wengine. Basi atakayesema kuwa kuwapo kwa Ibilisi ni dalili ya upungufu katika uwezo wa Mungu, amekisoma kisa hiki kinyume. Mfungwa aliyeachiwa kutembea ndani ya ua wa gereza, na funguo ziko mkononi mwa mwenye gereza, hasemwi kuwa ameshiriki katika mamlaka.

Wamajusi wa Uajemi ya kale ndio walioitakidi kuwa kuna wawili washindanao, mmoja wa nuru na heri, na mmoja wa giza na shari wakimwita Ahriman. Sisi twasema kwa ndimi zetu kuwa hatuko pamoja nao. Lakini ewe ndugu, tazama vitendo. Mtu anaposali alfajiri msikitini, kisha mchana akapeleka chano na ubani kwenye pango, au akachinja kuku mwekundu mbuyuni ili shetani wa mahali hapo aridhike asimdhuru mwanawe, je, huyu amemuogopa nani? Ulimi wake ni wa Kiislamu na hofu yake ni ya Kimajusi. Katika Sura ya Al-Jinn tumeelezwa habari za wanaume katika watu waliokuwa wakitaka hifadhi kwa wanaume katika majini, wakawazidishia taabu. Wafasiri wamesema kuwa Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakilala katika bonde hutaka ulinzi kwa bwana wa bonde lile katika majini. Pango letu na bonde lao ni kitu kimoja.

Ikiwa tumekwisha kufahamu kuwa Ibilisi ni kiumbe aliyefungwa kwa muda, na tuulize: katika muda huo amepewa nini? Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu, nasi twamtaka msomaji asifanye haraka.

Katika jambo la kuasi, Ibilisi amepewa sauti, hakupewa mkono. Sura ya An-Nahl yatueleza kuwa hana mamlaka juu ya wale walioamini na kumtegemea Mola wao. Mamlaka yake ni juu ya wale wamfanyao kuwa ni rafiki na kiongozi. Sura ya An-Nisaa yaeleza kuwa vitimbi vyake ni dhaifu. Na katika Sura ya Ibrahimu mna Aya ambayo ingemtosha kila mwenye akili: siku ya Kiyama, hukumu itakapokwisha kukatwa, shetani mwenyewe atasimama na kuwaambia wafuasi wake kwamba hakuwa na nguvu yoyote juu yao, ila aliwaita nao wakamwitikia, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu nafsi zao. Stajabu, ewe ndugu! Maisha yake yote ni uwongo, na siku hiyo atasema kweli, na kweli hiyo itakuwa ni hoja juu ya waliomtii.

Mfano wake ni kama dalali wa mnada. Dalali hupaza sauti, husifu bidhaa iliyooza mpaka ikang'aa machoni mwa mnunuzi, huapa, hucheka, humwita mtu kwa jina lake. Lakini hawezi kutia mkono kibindoni mwako akatoa fedha. Fedha huitoa wewe. Na ukifika nyumbani ukafungua furushi ukakuta nguo imeliwa na nondo, mkeo hatamuuliza dalali.

Na kama mtu ataona shaka kuwa haya ni kweli, na autazame mwezi wa Ramadhani. Bukhari na Muslim wamepokea Hadithi ya kwamba ukiingia mwezi huo mashetani hutiwa minyororo. Basi mbona ndani ya Ramadhani watu husengenya, hupunja mizani, hugombana sokoni saa za alasiri mpaka wakashikana mashati? Wanavyuoni waliosherehesha Hadithi hii waliliona swali hilo na wakalijibu kwa njia kadha wa kadha. Wengine wamesema kuwa wanaofungwa ni wale mashetani wakaidi peke yao. Wengine wakasema kuwa faida hiyo humfikia yule aliyefunga kwa kutimiza masharti ya saumu na adabu zake. Na jawabu moja katika hizo ndiyo itufaayo hapa: kwamba maasi yana sababu nyingine zisizokuwa mashetani, kama nafsi mbovu, na mazoea mabaya, na mashetani wa kibinadamu. Mwezi mzima mwitaji amefungwa, na mwitikaji bado aitika! Huyu aitikia sauti ya nani, ikiwa si yake mwenyewe?

Sasa turejee kwenye lile shina. Katika kisa hiki kuna wawili waliokwenda kinyume cha amri: Ibilisi aliyekataa kusujudu, na baba yetu Adamu aliyeula mti. Wote wawili walikuwa chini ya kadari ya Mungu mmoja. Lakini tazama walivyojibu, na majibu yao yote mawili yamo katika Sura ya Al-Aaraf, baina yao ni Aya chache tu. Ibilisi alisema kuwa kwa sababu Mungu amempoteza, basi atawavizia wanadamu katika njia iliyonyoka. Adamu na mkewe walisema kuwa wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba maghufira. Adamu alikuwa na udhuru mkubwa kuliko wetu sote, maana yeye aliapiwa na Ibilisi, naye hakuwa amepata kusikia kiapo cha uwongo. Hata hivyo hakusema kuwa ni Ibilisi. Hakusema kuwa Mungu ndiye aliyemweka Ibilisi peponi. Alijitaja nafsi yake, akasamehewa. Na yule aliyemtupia Mungu kosa lake alilaaniwa.

Kwa hiyo swali letu lina waulizaji wawili, na maneno yao huwa sawasawa. Mmoja ataka kufahamu. Mwingine ataka udhuru. Huyu wa pili, asemapo kwa nini Mungu amemwacha Ibilisi, makusudio yake ni kusema: mimi sina kosa. Na hoja hiyo ndiyo ile ile ya Ibilisi, haina hata neno moja jipya.

Tutoe mfano ulio karibu. Mtu arudi kutoka kazini, amekasirika kwa jambo la huko, akuta mchuzi umezidi chumvi, amtamkia mkewe talaka tatu mbele ya watoto. Usiku mmoja ukipita aenda kwa kadhi amelegea, aulizwa kisa, ajibu: shekhe, ni shetani tu, alinipitia. Sasa na tuulize. Shetani ndiye aliyefunga ndoa? Shetani ndiye aliyelipa mahari? Katika madhehebu yetu ya Shafi, talaka ya mwenye hasira hupita madamu akili yake ipo, na kadhi haandiki jina la Ibilisi katika daftari. Muslim amepokea kwa Jabir Hadithi ya kwamba Ibilisi huweka kiti chake cha enzi juu ya maji, kisha hutuma majeshi yake. Kila mmoja hurudi akamweleza aliyoyatenda, naye huwaona si kitu, mpaka aje yule asemaye kuwa hakumwacha mtu mpaka amemtenga na mkewe. Huyo ndiye amsogezaye karibu naye na kumsifu. Basi hatukani kuwa shetani alikuwako usiku ule. Twasema kuwa alikuja kuita, na ulimi uliotamka ulikuwa ni wa mume. Watoto waliolala kwa mjomba wao siku ya pili hawakufukuzwa na pepo.

Baada ya kumwondolea udhuru yule wa pili, tumpe wa kwanza haki yake, kwani yeye auliza kwa nia njema: kuna hikima gani katika kuachwa mwitaji huyu?

Jua kwanza kuwa kutaka na kuridhika si jambo moja. Hakuna kitu kiwacho katika ufalme wa Mungu pasipo yeye kutaka kiwe. Lakini Sura ya Az-Zumar yatwambia kuwa haridhii kufuru kwa waja wake. Mganga humpa mgonjwa dawa chungu, naye hakuupenda uchungu. Muutazila walichanganyikiwa hapa, wakasema kuwa ni wajibu juu ya Mungu kumtendea kila mja lililo bora kwake. Abul-Hasan Al-Ashari, aliyekufa mwaka 324 wa Hijra, alikuwa pamoja nao kisha akawaacha, na mabishano yake na mwalimu wake Al-Jubbai juu ya ndugu watatu ni mashuhuri katika vitabu. Hatutaingia humo, ni bahari, na chombo chetu hiki ni kidogo.

Ibnul-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra (1350), ametaja hikima nyingi za kuumbwa Ibilisi, na sisi tutashika moja. Amesema kuwa kuna ibada ambazo zisingepatikana lau Ibilisi hayupo: tauba, subira, kuipinga nafsi, kukimbilia kwa Mungu na kutaka ulinzi wake. Malaika humtukuza Mungu usiku na mchana wala hawachoki. Lakini malaika hana tauba, maana hakosi. Na majina mengine ya Mungu, kama Mwingi wa kusamehe na Mwenye kupokea toba, athari yake yaonekana kwa nani ikiwa hakuna aliyeteleza akarudi? Muslim amepokea Hadithi ya kuwa lau wanadamu wasingekosa, Mwenyezi Mungu angewaondoa akaleta watu wakosao na kutaka maghufira, akawasamehe. Hadithi hii haikuja kumhimiza mtu akose. Imekuja kumjulisha kuwa Mola wake hakuumba malaika wa pili kwa udongo.

Fikiri habari ya mtu aliyewekewa amana ya yatima. Baba amekufa, hakuna mashahidi, hati imepotea, mtoto ana miaka mitatu. Kila usiku sauti humjia yule mlinzi ikamwambia: chukua, ni nani ajuaye? Nawe wajua una deni. Miaka kumi na mitano ikapita, kijana akabalehe, akawa na akili ya kushika mali, akaitwa, akahesabiwa fedha yake yote mpaka pesa ya mwisho. Sasa mwondoe yule mwitaji katika kisa hiki. Isiwepo sauti, isiwepo tamaa, iwe mlinzi yule hawezi hata kufikiri kula. Fedha ya yatima itasalimika, hilo kweli. Lakini sanduku la chuma nalo lingeisalimisha, wala hakuna mtu alipaye sanduku thawabu.

Swali. Ikiwa ni hivyo, je, si kuwaonea wanyonge, kuwawekea adui asiyeonekana, aendaye ndani yao kama damu iendavyo katika mishipa?

Jawabu. Ingekuwa ni kuonewa lau wangaliachwa peke yao naye. Lakini Hadithi ya Sahihi ya Muslim yaeleza kuwa kila mmoja wetu ana mwenzi katika majini na mwenzi katika malaika. Basi sauti ni mbili. Na mizani nayo imewekwa upande wetu. Jema moja hulipwa kumi, na ovu hulipwa moja. Aliyekusudia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mungu huandikiwa jema, yaani wito wa Ibilisi ukikataliwa hugeuka faida kwa aliyeitwa. Mtoto mdogo hana kalamu mpaka abalehe, wala mwendawazimu mpaka apone, wala aliyelala mpaka aamke. Na mlango wa tauba haufungwi mpaka roho ifike kooni. Mshindani gani ashindanaye hivi, kila akishindwa humtajirisha adui yake, na kila akishinda, ushindi wake wa miaka sitini waweza kufutwa kwa saa moja ya majuto ya kweli?

Swali. Malaika wenyewe waliuliza. Katika Al-Baqara walimuuliza Mola wao juu ya kumweka katika ardhi atakayefisidi na kumwaga damu. Mbona wao hawakulaumiwa?

Jawabu. Kwa sababu waliuliza, wakajibiwa kuwa Mungu ajua wasiyoyajua, wakaonyeshwa elimu aliyopewa Adamu, wakakiri. Na walipoamriwa kusujudu walisujudu. Ibilisi hakufukuzwa kwa kuuliza. Alifukuzwa kwa kukataa, na maneno yake yalikuja baada ya kukataa ili kuupamba ukataaji wake. Kijana aulizaye barazani na huku miguu yake yamchukua msikitini, huyo yumo katika njia ya malaika, na wazee wamwache aulize.

Limebaki neno moja juu ya silaha, maana haifai kueleza habari za adui na kuwaacha watu mikono mitupu. Wengi hutafuta hirizi, kombe na vyetezo, na waliyofundishwa na Mtume wao huyaona mepesi mno. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Sulaiman bin Surad kwamba watu wawili walitukanana mbele ya Mtume (s.a.w.), na mmoja wao uso wake ukawa mwekundu kwa hasira. Mtume akasema kuwa alijua neno moja, lau mtu yule angelisema yangemwondokea yale aliyonayo, nalo ni kumuomba Mwenyezi Mungu amkinge na shetani. Haina ada neno hilo, halina kuku, halina ubani. Masahaba wakamwendea yule mtu wakamfikishia aliyoyasema Mtume. Naye, angali amewaka, akawauliza kama wamwona yeye ni mwendawazimu.

Wallahu aalam.